Mvuje ni wa sufuria, si wa kinywa cha mtoto

Jumapili iliyopita, saa tano usiku, dada mmoja wa Entebbe anayesoma makala zangu alinitumia picha. Kiganja cha mkono, na juu yake kipande cha mvuje, ule utomvu mkavu wa mmea wenye harufu kali, cha rangi ya hudhurungi, kikubwa kama tende. Chini ameandika: "Dada, mtoto ana wiki tatu, tumbo linamsokota, hanyamazi. Mama mkwe anasema nikiyeyushe hiki nimpe kijiko. Kijiko kikubwa au kidogo?"

Nilimjibu upesi: usimpe hata tone. Akanirudishia kwa hasira kidogo, "Si wewe unayetusifia mvuje kila siku?" Kweli nausifia. Basi leo niseme yote, hata yale niliyokuwa nayaruka.

Babu yangu aliletwa Jinja na kazi ya reli kutoka Mombasa. Bibi alimfuata na sanduku la mbao, na ndani ya sanduku, chini ya kanga, kulikuwa na kopo lililofungwa kwa vitambaa vitatu. Ukilifungua nyumba nzima inajua. Kwa bibi mvuje haukuwa kiungo. Mtoto akizaliwa, kipande kinaviringishwa kwenye kaniki, kitambaa cheusi, na kufungwa mkononi ili jicho baya lipite mbali. Mtoto akishikwa na dege, yaani degedege, mvuje. Akilia usiku bila sababu, mvuje. Mwaka 1972 Amin alipowapa Wahindi siku 90 wafunge virago, maduka waliyokuwa wakiuzia viungo yalifungwa milango, na bibi akaanza kuukwangua mvuje wake kwa ncha ya kisu, unga wa kujaza ukucha tu, mpaka apatikane mtu wa kutumwa Mombasa.

Mimi niliolewa na Muganda, tukapanga muzigo wa chumba kimoja Kampala. Bibi alinipa kipande kama urithi. Mtoto wangu wa kwanza alipofika mwezi mmoja, jioni zikawa kilio mtindo mmoja. Nilimfunga kaniki mkononi. Hakunyamaza. Usiku wa tatu nikavunja kipande, nikakiyeyusha kwenye maji ya moto, nikapoza, nikamtilia kinywani kijiko kizima. Alikunja uso kama mzee. Kisha akatapika, akatapika tena, akalegea mikononi mwangu.

Nilimkimbiza kituo cha afya. Nesi wa zamu aliuliza mara moja tu: "Umempa nini?" Nikasema, "Maziwa yangu tu." Harufu ilikuwa imejaa chumba kizima, iko kwenye nguo zangu, iko kwenye pumzi ya mtoto, na mimi nasema maziwa yangu tu. Alinitazama, hakunigombeza. Mwanangu alipona, namshukuru Mungu, na leo ananipita urefu. Lakini ule uongo sijausahau, kwa sababu nilimficha mtu pekee aliyehitaji kujua ili amsaidie mtoto.

Mama mkwe alikuja kututazama siku ya pili. Akaona kile kitambaa cheusi, akanusa, akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Jirani aliniambia baadaye neno alilolitamka: omulogo. Mchawi. Mume wangu hakusema kitu, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Nilichukua urithi wa bibi nikautupa chooni. Choo cha plot nzima kilinuka mvuje wiki mbili, ikawa ushahidi mwingine.

Miaka inayofuata nairuka, ilikuwa kufua, kulea na kudaiwa kodi. Nilipofungua kibanda cha chakula karibu na soko la Nakasero, shida yangu ilikuwa maharage. Posho, yaani ugali, na maharage ndiyo mlo wa mchana wa watu wengi wa mji huu, lakini wateja wa ofisini walikuwa wanakwepa gesi ya tumboni: "Mama, mchana nina mkutano." Siku moja nilikuwa nanunua binzari kwa mzee mmoja wa Kigujarati, nikanusa kitu nyuma ya kaunta, na moyo ukaruka. Nikamuuliza, huu si mvuje? Akasema kwao ni hing. Nikamwambia kwetu ni wa mashetani na watoto. Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia kwao mama zao wanautia kwenye dengu na kunde kila siku, na kwamba Wajaini, waumini wa dini moja ya India ambao hawali kitunguu wala saumu, hiki ndicho kinachowapa ladha hiyo.

Nilinunua kikopo. Jinga mimi, nikatia kijiko cha chai kizima kwenye sufuria ya kilo tano, tena mwishoni, bila kukaanga. Mteja wa kwanza alirudisha sahani akauliza kama kuna bomba la gesi linavuja. Nilimwaga yote. Kilo tano!

Siku hizi nafanya hivi. Maharage ya nambale yanaloweka usiku kucha, yanachemshwa, maji ya kuloweka yanamwagwa. Kwenye kikaango mafuta yapate moto sawasawa, nachukua mvuje kwa ncha ya kisu, naudondosha. Unatoa povu dogo, unachacharika, na ndani ya sekunde chache ile harufu ya yai bovu inaondoka, inakuja harufu ya kitunguu saumu kilichoiva taratibu. Hapo hapo nyanya zinaingia kabla haujaungua, maana ukiungua ni uchungu mtupu. Wateja wangu wa mikutano wamerudi. Mwezi uliopita nilipika maharage ya arusi ya watu mia mbili na sufuria zikarudi zimekwanguliwa. Najisifu, ndiyo. Nimeyalipia.

Na ujue unachonunua, mwenzangu. Mvuje ni utomvu wa mizizi ya mmea unaoota hasa Irani na Afghanistani. Mmea unaachwa ukue miaka minne hivi kabla mzizi haujachanjwa, utomvu ukatoka na kukauka. Harufu inatokana na salfa. India ndiyo inayoula kuliko nchi yoyote, lakini imekuwa ikiuagiza kutoka nje, na ni Oktoba 2020 tu ndipo wanasayansi wake walipopanda miche ya kwanza kule Himachal Pradesh, jimbo la kaskazini mwa India. Ule wa unga kwenye vikopo umechanganywa na unga wa ngano au wa mchele, pamoja na gundi ya mgunga, aina ile ile inayookotwa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Kwa hiyo kama ngano inakudhuru, soma kikopo. Na kama una kipande halisi kama cha bibi, kina nguvu mara nyingi zaidi. Kidogo. Narudia, kidogo.

Sasa nirudi kwa dada wa Entebbe na wote mnaofanana naye. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani waliandika kisa cha mtoto wa wiki tano aliyepewa dawa ya mvuje ya kienyeji kwa ajili ya tumbo: damu yake ilibadilika, ikashindwa kubeba oksijeni ipasavyo. Hao ni Wamarekani, si bibi zetu! Na ni hao hao ambao katika homa kuu ya mafua ya 1918 walivaa vifuko vya mvuje shingoni. Kwa hiyo msinijie na habari za ushamba wa Waswahili. Kila mtu aliyewahi kuogopa usiku akiwa na mtoto mgonjwa ameshika kitu chenye harufu kali akaomba.

Lakini kuomba ni kuomba na kunywesha ni kunywesha. Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu. Tumbo linamsokota? Mweke begani acheue, mlaze kifudifudi juu ya mapaja yako, umsugue mgongo. Dege, mama zangu, nchi hii yenye malaria tunayoijua, dege ni safari ya kituo cha afya usiku huo huo, si kesho baada ya mvuje. Mjamzito usiutumie kama dawa. Unayemeza dawa za kuyeyusha damu, muulize daktari kwanza. Na ukishampa mtoto kitu, chochote kile, nesi akikuuliza mwambie. Mwambie hata kama mkwe amesimama hapo.

Kaniki mkononi? Mfunge ukitaka, ila kifundo kiwe imara, kisifike kinywani. Sitagombana na bibi yangu kaburini kwa kitambaa.

Dada wa Entebbe aliniandikia tena juzi. Mtoto alipelekwa kituoni, wakamwona hana ugonjwa, wakamwonyesha mama namna ya kumcheulisha. Kile kipande amekihamishia jikoni ndani ya chupa ya kioo, na chupa ndani ya kopo, maana nilimwonya: mimi wangu niliuweka karibu na majani ya chai, tukanywa chai ya mvuje mwezi mzima. Mama mkwe wake anakula maharage na hajauliza kitu. Wangu pia, anakuja kila Jumamosi, sahani mbili. Sijamwambia.