Ukitaka timu yako ya wasichana ifike mechi ya mwisho ikiwa na watu

Wiki iliyopita dada mmoja wa Njombe alinipigia simu. Timu yake ya wasichana imepanda kucheza Ligi Daraja la Kwanza ya Wanawake, na alikuwa na swali moja: "Dada, nisajili washambuliaji wangapi?" Nikamuuliza kama ameshapiga hesabu ya nauli ya mechi ya mwisho ya ugenini. Akanyamaza. Tuliongea mpaka salio likakata, na yale niliyomwambia nimeona niyaandike hapa, maana kila msimu kuna anayepanda akiwa na swali kama lake.

Nimekuwa meneja wa timu hapa Iringa kwa misimu minne, yote Daraja la Kwanza, ngazi moja chini ya Ligi Kuu. Kwa niliyoyaona, anayepanda ni yule anayefika mechi ya mwisho akiwa na wachezaji wake, wana afya, na nauli ipo. Viwango vya mpira vinakaribiana sana huku chini. Nimeshuhudia timu yenye mabinti hodari kuliko wote ikishika mkia, kwa sababu mzunguko wa kwanza walikuwa 24 na mzunguko wa pili wakabaki 12.

Sisi wenyewe yalitupata msimu wa kwanza. Tulipopanda, furaha ilitujaa. Tukashona jezi seti mbili, tukaweka kambi ya wiki tatu, tukaleta washambuliaji wawili kutoka Dar es Salaam na kuwapangia chumba. Tukashinda mechi nne kati ya tano za mwanzo. Ilipofika mechi ya tatu kutoka mwisho tulitakiwa Mwanza, na kasha lilikuwa tupu. Kutoka Iringa unapita Dodoma, Singida, Shinyanga, ni zaidi ya kilomita 900. Mwenye basi la kukodi alitaka nusu ya fedha mkononi, hatukuwa nayo. Tukakata tiketi 15 za basi la abiria: wachezaji 13, kocha na mimi. Daktari wa timu alibaki nyumbani.

Tuliingia Mwanza saa tano usiku wa kuamkia mechi. Chakula tulichokipata ni chipsi za mtu aliyekuwa anafunga kibanda chake. Kesho yake jioni tukaingia uwanjani na tukaongoza bao moja hadi dakika ya 63. Hapo beki wetu wa kulia akakaa chini karibu na kibendera cha kona. Nilidhani misuli imebana. Nilipomfikia alikuwa anavua kiatu, na soksi haikutoka. Ilikuwa imegandana na ngozi. Malengelenge yalikuwa yamepasuka chini ya nyayo zote mbili. Daluga zake zilichanika wiki iliyotangulia akaazima za mwenzake aliyebaki Iringa, namba 38, na yeye anavaa 40. Kwenye benchi nilikuwa na watu wawili, mmoja wao kipa. Akavaa viatu vile vile, akarudi. Tulifungwa 4–1, na mabao matatu kati ya hayo yalipitia upande wake. Hakulalamika hata kidogo. Aliniuliza tu, "Mama, tutakula kabla ya kupanda basi?"

Swali lile ndilo lililonifundisha kazi hii.

Sasa ratiba ikitoka, nachukua karatasi naanza na mechi ya mwisho narudi nyuma. Safari moja ya mbali kwetu ilikuwa hivi msimu uliopita: watu 23, chakula shilingi 12,000 kwa mtu kwa siku, siku tatu, ni 828,000. Vyumba kumi vya 20,000 kwa usiku mbili, 400,000. Gari na mafuta, milioni mbili. Jumla 3,228,000, kabla hujanunua maji, barafu na dawa. Zidisha kwa safari zako zote, ndipo utajua kama una uwezo wa kumlipia mtu chumba Dar. Fedha ya safari tatu za mwisho naiweka kwenye akaunti yake yenyewe, yenye watia saini wawili, na mmoja wao ni mzazi ambaye si kiongozi. Viongozi wenzangu walinuna mwanzoni. Lakini fedha ya mechi ya mwisho ikikaa kwenye kasha moja na fedha ya leo, itatumika leo, na atakayeitumia atakuwa na sababu nzuri kabisa.

Ukienda kuomba msaada, omba kitu. Mfanyabiashara wa mjini kwetu alitukatalia laki tano mara mbili, lakini nilipomuomba magunia mawili ya mchele na debe la maharage alitoa siku hiyo hiyo, na mwaka uliofuata akaniuliza mwenyewe tunahitaji nini. Mwenye mabasi anaweza kushindwa kukupa fedha akakupa gari siku ambayo halina safari. Na tumia njia iliyo nafuu ikiwepo: timu za Dar na Morogoro zinazokwenda kucheza Dodoma sasa zina treni ya SGR, iliyoanza kufika huko Julai 2024. Sisi wa Nyanda za Juu bado ni barabara, Kitonga na ukungu wake.

Kuhusu makaratasi nitasema kwa ufupi, ila ulisikie. Usajili unafanyika kwenye mfumo wa mtandaoni wa TFF, shirikisho letu la mpira, na mfumo ukifungwa umefungwa. Mabinti wengi hawana cheti cha kuzaliwa, au jina la kwenye cheti linatofautiana na la shuleni. Kiungo wangu mmoja alikaa jukwaani mechi sita kwa sababu ya herufi moja kwenye jina la baba yake. Anza miezi miwili kabla. Leseni zote za wachezaji zikae kwenye faili moja, kwa mtu mmoja. Na kwa mechi za nyumbani, hakikisha gari la wagonjwa mapema. Lisipofika, mechi haianzi, na usumbufu wote unakuwa wako.

Kwa wazazi ndiko nilikotembea zaidi kuliko kwenda uwanjani. Mchezaji haondoki kwenye timu kwa sababu kocha alimpanga benchi. Anaondoka kwa sababu baba amesikia maneno, au mama anahitaji mtu wa kumsaidia gengeni msimu wa mavuno, au shangazi wa Dar amempatia kazi ya ndani. Nenda nyumbani kabla msimu haujaanza, ukiwa umevaa heshima, na usiende na kocha wa kiume peke yake.

Mzee mmoja wa Kihesa alinipokea ukumbini akaniambia, baada ya shikamoo na marahaba, kwamba binti yake hatavua hijabu mbele za watu kwa ajili ya mpira. Nikamwambia, mzee wangu, hakuna anayemtaka aivue. Sheria za mpira ziliruhusu kufunika kichwa tangu 2014, na kwenye Kombe la Dunia la Wanawake la 2023 beki wa Morocco, Nouhaila Benzina, alicheza akiwa amevaa hijabu. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliitazama kwa muda mrefu, akamwita mkewe naye aione. Halafu akauliza jambo ambalo hasa lilikuwa linamsumbua: huko ugenini wanalala wapi, na nani anashika ufunguo?

Ni swali la haki, na kila mzazi anastahili jibu lake hata asipouliza. Kwetu mabinti wanalala ghorofa au upande mmoja, nami au daktari wetu wa kike tunalala chumba cha mwanzo cha upande huo. Hakuna mwanamume wa benchi la ufundi anayeingia kwenye vyumba vyao, na hakuna mchezaji anayeitwa peke yake chumbani kwa kiongozi, awe kocha, awe mwenyekiti, awe mfadhili aliyelipia basi. Mazungumzo yanafanyika mapokezi, mbele za watu. Niliwahi kumkataa mtu aliyetaka kutudhamini msimu mzima, kwa sababu kila simu yake ilikuwa inaulizia mchezaji mmoja. Tulikosa jezi mpya mwaka ule. Ningemkataa tena leo.

Wenye mashaka huwa nawakumbusha pia wapi njia hii inafika. Oktoba 2022, Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, walikuwa India kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Waliwafunga Ufaransa 2–1, wakatoka sare na Canada, wakaingia robo fainali. Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, walirudi kwenye fainali za Afrika zilizochezwa Morocco mwaka 2025, baada ya kukosekana tangu 2010. Ila usimuahidi mzazi kuwa mwanawe atafika huko. Muahidi atarudi Jumatatu kwa ajili ya shule, kisha timiza. Walio Kidato cha Nne wana mtihani Novemba. Mimi naomba ratiba ya shule kabla ya ratiba ya ligi.

Sasa mwili. Haya mambo wanaume wengi wa benchi wanaona haya kuyataja, na timu inaumia. Weka pedi kwenye sanduku la vifaa, wazi, pamoja na bandeji na plasta, ili asiwepo wa kuomba kwa kunong'ona. Shona bukta nyeusi au za bluu. Sisi tulianza na nyeupe, na nikagundua kuna wachezaji wanaosema wanaumwa goti kila mwezi siku zile zile. Tulipobadilisha rangi, magoti yakapona. England nao waliachana na bukta nyeupe mwaka 2023 baada ya wachezaji wao kulisema hadharani, kwa hiyo binti wa Iringa asione aibu kulisema.

Wasichana wanapoteza damu kila mwezi na wengi wanacheza wakiwa na upungufu wa damu bila kujua. Utamwona anahema dakika ya 20, kocha anamwita mvivu. Mpeleke akapimwe kabla ya kumhukumu. Kwenye chungu weka maharage, dagaa, mboga za majani, na chungwa baada ya chakula, kwa sababu chungwa linausaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai ya rangi isiandamane na mlo, isubiri saa moja hivi.

Magoti ndiyo yanayonikosesha usingizi. Wachezaji wa kike wanaumia kano ya mbele ya goti mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na kwa timu isiyo na bima jeraha hilo mara nyingi linamaliza safari ya mtu. FIFA wana programu ya kupasha mwili inayoitwa FIFA 11+, mazoezi 15 katika sehemu tatu: mbio za polepole, kisha nguvu na mizani, kisha mbio za kasi. Inachukua dakika 20, haihitaji kifaa zaidi ya uwanja, koni na mpira. Tunaifanya kila siku ya mazoezi. Tangu tuanze, misimu miwili, hatujapata goti hata moja la kupasuka. Siwezi kukuapia kwamba ni hilo tu, lakini siiachi.

Na daluga. Kabla ya msimu mpange kila mchezaji akiwa peku, pima mguu, andika namba. Mtumba wa kiatu kizuri unaotosha ni bora kuliko kiatu kipya cha kuazima. Mimi hubeba jozi tatu za ziada kila safari, namba 38, 39 na 40.

Lipo jambo la dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu. Ukifanya vizuri mzunguko wa kwanza, timu za juu zitakuja kumchukua mfungaji wako, na huwezi kumfungia njia binti ambaye hujawahi kumlipa mshahara. Mwache aende, lakini kaa mezani kabla hajaenda, na makubaliano yaandikwe. Wetu wa kwanza aliondoka kwa maneno ya mdomo tu, tukaambulia shukrani. Wa pili tulipata mipira kumi, seti ya jezi, na nauli ya safari mbili za mwisho. Kisha mwambie ukweli aliyebaki kuhusu posho. Kama una elfu kumi ya mechi, sema elfu kumi. Timu nyingi nilizoona zikigomewa hazikugomewa kwa udogo wa posho; ziliahidi elfu hamsini zikatoa kumi.

Yule beki wangu wa kulia bado anacheza. Msimu wa tatu alijifungua, akakaa nje, nasi tukaendelea kumpa fungu lake la mchele na mafuta kama wengine. Kanuni za FIFA zinampa mchezaji mwenye mkataba likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Wetu hawana mikataba ya namna hiyo, lakini hatukuona kwa nini yeye apate pungufu. Alirudi mwenyewe mazoezini, mtoto mgongoni kwa bibi yake kando ya uwanja wa Samora. Sasa ni nahodha, na ndiye anayepima miguu ya wasajiliwa wapya.

Dada wa Njombe alinipigia tena juzi. Amepiga hesabu: safari tatu za mwisho zinamtaka milioni tisa na laki nne, ameshapata milioni tatu, na jamaa mwenye basi amekubali kumpa gari kwa mafuta tu kwenye ile ya mwisho. Hapo ndipo tukazungumza washambuliaji. Nimemwambia asajili wanne, na mmoja wao awe anaweza kurudi kucheza beki wa pembeni.