Saa ya kuogelea: kwanza pima bwawa lako

Mkuu, umeuliza uchukue saa janja gani ya kurekodi mazoezi ya kuogelea, bajeti ya kawaida, bwawa la hoteli na wikendi unaingia baharini. Mimi naogelea Dar, bwawani na baharini, na nimevaa saa za aina tofauti. Kabla ya kufikiria Garmin au Apple, chukua futi kamba ukapime bwawa lako.

Bwawani saa haipimi umbali. Inahesabu umekwenda ukuta hadi ukuta mara ngapi, halafu inazidisha kwa urefu wa bwawa uliouandika wewe. Mabwawa mengi ya hoteli hayafiki mita 25. Bwawa likiwa la mita 18 na saa umeiambia 25, ukienda mara 40 itakuandikia mita 1,000 wakati umeogelea 720. Kasi nayo inakuwa ya uongo. Kwa hiyo hakikisha saa inakubali uandike urefu wa bwawa lako, maana nyingine zina kikomo cha chini na bwawa fupi sana zinalikataa.

Na ukuta inautambuaje? Kihisi cha mwendo kinausoma mkono wako: unapiga maji, unapiga maji, unatulia, mwili unasukumwa, unateleza, kisha mkono unaanza upya. Ule mtelezo ndio alama yake. Ukigeuka kwa ulegevu inakosa ukuta. Ukisimama katikati kumpisha mtoto, inaweza kuongeza ukuta usiokuwepo. Jisukume kwa nguvu, nyoosha mikono, hesabu itatulia. Ukishika kibao cha kuelea na kupiga miguu tu, mkono haufanyi kazi, na saa nyingi hazioni kitu. Garmin kadhaa zina sehemu ya kuingiza zoezi hilo wewe mwenyewe. Apple Watch inatambua kibao tangu watchOS 9, yaani toleo la 9 la programu inayoendesha saa hizo.

Vitufe, mkuu. Maji huibonyeza skrini ya kugusa, ndiyo maana Apple Watch huifunga skrini ukianza kuogelea. Kama mazoezi yako ni ya kuogelea mita 100, pumzika, rudia, unataka kitufe utakachokibonyeza kwa kidole kilicholowa bila hata kukitazama. Kwangu hili linazidi rangi na mapambo yote.

Mapigo ya moyo ya mkononi usiyategemee sana majini, maana maji hupita kati ya saa na ngozi. Bluetooth nayo, ambayo mkanda wa kifuani huitumia kuzungumza na saa, haipenyi majini. Ukiyahitaji kweli, tafuta mkanda wa kifuani unaohifadhi data na kuituma ukishatoka, kama Garmin HRM-Pro.

Baharini habari ni nyingine. GPS haisomi chini ya maji, inadaka setilaiti pale mkono unapotoka juu. Ukiogelea mtindo huru mstari unatoka vizuri. Ukiogelea kama chura, mikono haitoki, na ramani inakuonyesha ukiyumba huku na huku. Dawa yake ni kuiweka saa ndani ya kofia ya kuogelea, kisogoni. Hesabu ya mikono utaikosa, lakini umbali utakuwa wa kuaminika.

Halafu angalia maandishi ya nyuma ya saa, yanayosema inavyozuia maji. Tafuta 5 ATM au mita 50. Hiyo ni shinikizo la maji yaliyotulia, si ruhusa ya kuzama mita 50, ila kwa kuogelea inatosha. Ikiwa na IP68 peke yake, ile alama ya kuzuia vumbi na maji, iache, hata muuzaji akiapa.

Ningekuwa wewe ningetafuta Garmin Swim 2, ya mwaka 2020: ina vitufe, ina GPS, inarekodi bwawani na baharini. Ukiipata iliyotumika, kagua kwa makini. Pete za mpira zinazozuia maji huchoka kwa umri, na saa iliyowahi kufunguliwa kwa fundi sitaiingiza majini bila kuijaribu kwa kipimo cha shinikizo. Ukiona ukungu kwenye kioo kwa ndani, mrudishie mwenyewe.