Kubandika kope moja moja: jifunze kutenga kabla ya kutafuta kasi

Ukitaka kujua kama umeanza kuiva katika kazi hii, usihesabu dakika ulizotumia. Chukua kibano ukague kope ulizobandika: kila ukope usogee peke yake bila kuvuta jirani.

Kanuni ni ukope mmoja wa bandia juu ya ukope mmoja wa asili. Mkono mmoja unatenga, mwingine unabandika. Kibano cha kutengea kipanue nafasi mpaka uone ngozi pande zote mbili za ukope unaoutaka, toka shinani hadi nchani. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu kope changa ni fupi, laini na hujificha nyuma ya zilizokomaa. Ukope mchanga ukigandishwa na uliokomaa, mchanga unaendelea kukua wakati mwenzake amesimama, basi unavutwa kila siku. Mteja anasikia maumivu akigusa jicho, na ukope unang'oka kabla ya wakati wake.

Maandalizi hayana mengi: osha kope kwa povu lisilo na mafuta, zikauke kabisa, kisha funika kope za chini kwa pedi ya jeli. Ukingo wa pedi usiguse jicho lenyewe. Macho yafumbwe muda wote. Mteja akisema yanawasha, simama uangalie kwa chini. Mara nyingi utakuta jicho limeachia kidogo na mvuke wa gundi unaingia.

Gundi hii ni sayanoakrileti, nayo hukauka kwa kunywa unyevu wa hewani. Nyingi hufanya kazi vizuri unyevu ukiwa kati ya asilimia 45 na 60, ila soma maelekezo ya chupa yako. Hewa ikiwa kavu, gundi inachelewa na kope zinatelemka na kushikana. Ikiwa na unyevu mwingi, inaganda kabla hujafika kwenye ukope, na kazi inapukutika siku chache baadaye. Kwa hiyo kipima unyevu ni kifaa cha lazima. Tikisa chupa vizuri, na badilisha tone la gundi unalochovya kila dakika 15 hadi 20 hata kama bado linang'aa.

Chovya milimita 2 hivi za shina la ukope wa bandia, kisha ulitoe taratibu. Ukiona kishanga cha gundi, kipunguze kwenye karatasi isiyo na nyuzi. Bandika milimita 0.5 hadi 1 kutoka kwenye ngozi: karibu zaidi, gundi inagusa ngozi na kuwasha; mbali zaidi, ukope unapinda na kugeuka.

Kwa anayeanza, unene wa milimita 0.15 unatosha, na urefu usizidi ule wa asili kwa zaidi ya milimita 2 au 3. Mteja akiomba ndefu kupita hapo, mkatalie kwa upole. Shina la ukope wake wa asili ndilo litakalobeba uzito huo.

Kope zikishikana, zitenganishe kwa vibano viwili, taratibu. Zikigoma, tumia krimu ya kubandulia, usivute kamwe. Na ngozi ya kope ikivimba na kuwasha saa kadhaa baada ya kazi, huo huenda ukawa mzio. Bandua zote, mwelekeze mteja kwa daktari, na usimbandike tena kwa gundi ya aina hiyo.