Barua kwa mwanangu: tui la pili

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na majibu ya vipimo vya mume wako nimeyaona. Unauliza: kwa kuwa lehemu yake, yale mafuta ya kwenye damu, imepanda, uache nazi uhamie mafuta ya alizeti? Mimi nataka kwanza kujua nani anashika dumu la mafuta humo jikoni kwako, na analimimina vipi.

Maana Idi iliyopita nilikuona ukiunga maharage. Ulimimina mpaka vitunguu vikaelea, na yalikuwa alizeti hayohayo. Kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120 hivi, yawe ya alizeti yawe ya nazi. Wewe ulitia kama vijiko 8. Nilihesabu, nikanyamaza kwa sababu ya wageni. Mafuta hupimwa kwa kijiko, mwanangu, si kwa jicho. Tia vijiko 2, vitunguu vikianza kushika nyunyiza maji, funika, vilainike kwa mvuke wake, ndipo ulete nyanya.

Sasa nazi. Alizeti ni afadhali kwa moyo, hilo sibishi. Chupa ya mafuta ya nazi ya kupaka, mwezi wa 7 hapa Lindi, unaamka unaikuta imeganda dirishani. Mafuta ya namna hiyo ndiyo yanayopandisha lehemu. Kile kikaratasi ulichonitumia kinasema Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku. Kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 22 hivi. Kikombe kimoja cha kasimile, lile tui zito la kwanza, kinapita gramu 40 za mafuta hayo. Lakini nani anakunywa kasimile kwa kikombe? Chungu chetu tulikula watu wanane. Lakini tena, wali wa nazi, kisamvu cha nazi, na samaki naye wa nazi, mchana na usiku. Hesabu inarudi palepale.

Unakumbuka mwaka ule baba yenu alipoambiwa ana presha. Nesi alinivuta pembeni akaniambia: mama, kasimile liweke kando, pikia tui la pili, nalo lina mafuta ila pungufu. Nikarudi nyumbani, nikaketi kwenye mbuzi, nikakuna nazi, nikaitia kwenye kifumbu, nikakamua. Kasimile nikalifunika bakulini. Chicha nikairudishia maji ya uvuguvugu, nikakamua tena. Likatoka tui jepesi kama maji ya kuoshea mchele. Nikalipikia kisamvu kwa kitunguu saumu na pilipili mbichi, nikakamulia ndimu. Samaki changu nikawachoma kwenye makaa badala ya kuwakaanga. Kilikuwa kitamu, mwanangu. Nilionja mara tatu kwa kutoamini.

Ilikuwa Ijumaa, wageni wa Mikindani wamekuja, mkeka umejaa. Shangazi yako akaonja, akaweka tonge chini, akasema mbele ya watu: "Wifi, imekuishia nazi au yamekuishia mapenzi?" Wakacheka. Baba yenu naye akacheka. Wewe ulikuwa mlangoni, ukainamia miguu yako. Nikainuka, nikalichukua lile bakuli la kasimile, nikalimimina lote chunguni wananitazama. Nikaendelea kupika hivyo miaka yote, mpaka siku baba yenu alipoanguka.

Sisemi kasimile ndilo lililomwangusha. Presha ina mengi: kuna chumvi, kuna sigara zake, kuna ukoo. Babu yenu naye aliondoka hivyohivyo, na chakula chake kilikuwa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, na samaki wa kuchoma. Na shangazi yako hakuwa na nia mbaya, kwake nazi ndiyo heshima ya mgeni. Nikimtupia yeye, nitakuwa nasahau nani alimimina. Nikijitupia mimi... Basi, tuliache.

Wewe usiache nazi. Au niseme, sikuamulii. Mume ni wako na daktari ni wake. Ila ingekuwa mimi, ningepika ya nazi siku mbili kwa wiki, tui la pili tu, siku nyingine alizeti kwa kijiko. Mbaazi zikiiva, ponda upawa mmoja urudishe chunguni, mchuzi utakuwa mzito wenyewe bila kasimile. Kuku mtoe ngozi. Mchuzi wa nyama ukilala kwenye friji, asubuhi utakuta mafuta yameganda juu kama kifuniko, yabandue. Na korosho nilizokutumia, kula kiganja kimoja. Mafuta yake ni mazuri, lakini ni mafuta.

Leo alfajiri nimempa dereva wa basi mzigo wako: mbaazi, ndimu, na kifumbu changu cha ukindu. Kiloweke kwanza, kimekaa kavu muda mrefu.

Shangazi yako alikuja juzi. Nilimpakulia kisamvu cha tui la pili. Akala, akaomba kuongezewa. Nikamwongeza. Hakuuliza kitu, nami sikumwambia.

Mama yako