Nalipa kadi kwa kadi, na sasa zote zimejaa

Shikamoo Shangazi. Niliachishwa kazi miezi minne iliyopita, kampuni ilipopunguza watu. Nina kadi tatu za mkopo. Ya kwanza nadaiwa 240,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, ya pili 90,000 kwa asilimia 36. Ya tatu haikuwa na deni, ndiyo nimekuwa nikitolea fedha taslimu kila mwezi nilipe kiwango cha chini cha zile mbili. Sasa nayo imefika 50,000 kwa asilimia 30 na kikomo kimeisha. Mafao yangu yamebaki 150,000. Vibarua vinaniingizia kama 18,000 kwa mwezi, na mchango wangu wa matumizi ya nyumbani ni 30,000. Mume wangu anajua kadi moja tu. Benki wakipiga simu sipokei. Usingizi umenikimbia. Nimwage mafao yote nilipe, au nikope kwa hati ya nyumba nimalizane nao?
Nimebanwa

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na maswali yako: hapana, na hapana.

Hati ya nyumba isiguswe. Deni la kadi kwa kawaida halina dhamana. Ukishindwa kulipa, benki itakupigia simu, itakuandikia, itachafua rekodi yako ya mikopo, na mwishowe inaweza kukushtaki. Hayo si madogo. Ila hakuna mali yako ambayo tayari imeshikwa kwa ajili ya deni hilo. Siku utakayoweka hati mezani, deni lililokuwa linakunyima usingizi litakuwa deni linaloweza kukunyima pa kulala. Riba ya mkopo huo itakuwa nafuu, ni kweli, na ndicho kinachowavuta watu. Lakini mtu asiye na mshahara hashindwi na riba peke yake, hata rejesho dogo linamshinda.

Mafao nayo yanahitaji subira. Kwa hesabu tupu, fedha iliyokaa bure huku deni likila asilimia 36 ni hasara, na mwenye mshahara ningemwambia alipe leo. Wewe kila mwezi una pengo la 12,000 kati ya kinachoingia na kinachotoka. Ukimwaga 150,000 zote bado utadaiwa 230,000, na mwezi ujao hutakuwa na cha kuziba hilo pengo wala wa kukukopesha. Tenga kwanza 72,000, yaani pengo la miezi sita. Hiyo ni ya chakula, umeme, dawa na nauli ya kutafutia kazi. Zinabaki 78,000, nitazirudia.

Sasa tuangalie ulichokuwa ukifanya, maana hapa ndipo palipokuumiza na sidhani umewahi kukaa ukapaona. Chukua mwezi mmoja tu. Tuseme kiwango cha chini cha kadi ya kwanza ni asilimia 3, yaani 7,200, na cha ya pili asilimia 5, yaani 4,500. Jumla 11,700, ukazitoa taslimu kwenye kadi ya tatu. Katika zile 7,200, riba ya mwezi imechukua 4,800. Katika zile 4,500, riba imechukua 2,700. Kwa hiyo madeni ya zamani yameshuka 4,200 tu. Upande wa pili, kutoa taslimu kuna tozo: tukiiweka asilimia 3 ni 351. Na fedha taslimu ya kadi kwa kawaida haina zile siku za bure unazopewa ukinunua bidhaa, riba inaanza siku ile ile uliyotoa. Mwezi ukiisha kadi ya tatu imepanda 12,352. Toa 4,200 zilizoshuka, umezidi kuzama kwa 8,152, na kwenye taarifa zote mbili imeandikwa kwamba umelipa kwa wakati. Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Kuhamisha deni na kulilipia nauli juu yake si kulipa, mwanangu, na kikomo kuisha kumekuokoa.

Basi kadi zote tatu ziweke pembeni leo. Kuzikata kwa mkasi hakutoshi. Pitia taarifa za miezi mitatu ya nyuma, mstari kwa mstari, utafute makato yanayojirudia: filamu za mtandaoni, programu za simu, hifadhi ya picha. Kila moja ifute kwa muuzaji mwenyewe, kwa sababu makato hayo huendelea hata plastiki ikiwa vipande vipande. Katika kupitia huko tafuta pia mstari wa bima ya mkopo. Watu wengi hukatwa fedha yake kwa miaka bila kujua, na baadhi ya bima hizo hulipa marejesho kwa miezi kadhaa mtu akipunguzwa kazini. Aliyeacha kazi kwa hiari hukataliwa. Wewe ulipunguzwa, kwa hiyo barua ya kuachishwa itunze. Madai yana mwisho wa muda na miezi minne imekwisha kwenda, basi ukiuona mstari huo, ulizia siku hiyo hiyo.

Kisha fungua akaunti ya kawaida kwenye benki usiyodaiwa, malipo ya vibarua na akiba ya matumizi yapitie huko. Mikataba mingi ya kadi huipa benki haki ya kuchukua fedha kwenye akaunti yako iliyo kwao na kufidia deni lililochelewa. Utaamka asubuhi ukute fedha ya chakula haipo, na kisheria huenda wasiwe na kosa. Hapa sikufundishi kuficha: wakikuuliza una nini, waambie ukweli wote.

Simu ya benki itabidi uipokee. Bora zaidi uipige wewe, kabla ya tarehe ya malipo kupita, maana anayeanza kusema ana nafasi nzuri kuliko anayesakwa. Uliza kitengo kinachoshughulikia wateja waliopata matatizo ya kipato, maana anayepokea simu za kawaida mara nyingi hana uwezo wa kukupunguzia chochote. Sema kwa ufupi: nimepunguzwa kazi tarehe fulani, barua ninayo, kipato changu sasa ni hiki, matumizi ya lazima ni haya, naomba mnisimamishie riba na faini kwa miezi sita na mpokee kiasi hiki kila mwezi. Andika tarehe, saa na jina la uliyezungumza naye. Siku hiyo hiyo tuma maelezo yale yale kwa barua pepe au barua ya mkono, na usitume fedha ya mpango mpya mpaka wakujibu kwa maandishi. Ahadi ya mdomoni mwezi wa pili hakuna anayeikumbuka.

Kiasi gani? Sema 5,000 kwa mwezi kwa kadi zote, kutoka kwenye zile 78,000. Igawe kulingana na ukubwa wa deni: 3,158 ya kwanza, 1,184 ya pili, 658 ya tatu. Ukigawa hivyo na kila benki ikaona jedwali lote, hakuna atakayelalamika kwamba mwenzake kapendelewa. Kwa miezi sita utakuwa umetumia 30,000, na 48,000 zitakuwa bado mkononi.

Lakini shika jambo hili vizuri. Riba ya kadi zako tatu kwa mwezi ni kama 8,750. Ukikubaliwa kulipa 5,000 bila riba kusimama, deni litakua kila mwezi huku ukilipa kwa uaminifu. Kwa hiyo ombi lako kubwa ni riba. Wakikupa rejesho dogo halafu wakaacha riba iende, usishukuru upesi, rudi uombe tena na umtake msimamizi. Wakati mwingine ombi la pili ndilo linalosikilizwa. Mpango wa namna hii unaweza kuonekana kwenye rekodi yako ya mikopo na kadi zikafungwa. Kubali. Kwa sasa hukopi tena, na rekodi hurekebishika.

Zile 48,000 zina kazi mbili, dharura ya kweli au kufunga deni kwa mkupuo. Benki huweza kupokea pungufu ya deni lote ikiona fedha ya mara moja, ingawa kwa kawaida hailegei mapema. Siku ya kuzungumza hilo, anza na kadi ya asilimia 36, na usilipe mpaka barua iseme wazi kwamba ni malipo ya mwisho na hakuna salio litakalodaiwa. Pasipo maneno hayo, salio huweza kuuzwa kwa wakusanya madeni, na mwaka unaofuata mtu usiyemjua anakudai. Mtu wa namna hiyo akipiga, muombe jina la kampuni na uthibitisho wa maandishi kwamba deni ni lao, kisha hakikisha kwa benki yenyewe. Usimtumie fedha kwa namba ya simu aliyokutajia, wala usimsomee msimbo ulioingia kwa ujumbe mfupi. Na anayeahidi kukufutia madeni kwa ada ya kutanguliza, huyo ni mwizi.

Miezi sita ikipita kazi haijapatikana, tafuta mshauri wa madeni au msaada wa kisheria kabla akiba haijaisha. Nchi nyingi zina utaratibu wa kisheria kwa mtu aliyeshindwa kabisa, na ni afadhali kuuingia mapema.

Na mumeo. Mficha uchi hazai. Barua ya benki itafika nyumbani, au atapokea simu yeye, na hapo kitakachomuuma ni kufichwa kuliko deni. Mwambie wiki hii, kabla ya kupiga simu benki. Usiende na machozi peke yake, nenda na karatasi moja: kadi tatu, kila deni, kila riba, kilichobaki, na mpango huu. Ukimpa tarakimu zote kwa mkupuo mmoja ataumia mara moja. Ukimpa kidogo kidogo, kila siku atajiuliza kilichobaki ni kipi. Muulize pia kama aliwahi kusaini kama mdhamini au ana kadi ya nyongeza kwenye jina lako, kwa sababu hapo deni linamgusa yeye moja kwa moja.

Usingizi usiporudi hata baada ya kumwambia, au ukianza kuona heri usiwepo, muone daktari siku hiyo hiyo, usingoje benki wajibu.

Wakikujibu niandikie, hata wakikataa. Nitumie maneno yao kama yalivyo, tuyasome pamoja kabla hujasaini chochote.