Tarehe za jarida la bustani ya mimea ya St. Petersburg

Umeuliza kwa nini spishi moja iliyoelezwa katika jarida la Bustani ya Mimea ya Kifalme ya St. Petersburg, lile lililoanza kutoka mwaka 1871 na kujulikana kwa jina la Kilatini *Acta Horti Petropolitani*, huandikiwa miaka miwili tofauti. Angalia kwanza kalenda. Urusi iliendelea kutumia kalenda ya Julius hadi mwanzoni mwa 1918, nayo katika karne ya 19 ilikuwa nyuma ya kalenda yetu kwa siku 12. Kwa hiyo toleo lililotoka 25 Desemba 1886 kwa hesabu yao lilitoka, kwa hesabu yetu, 6 Januari 1887. Pale wataalamu wawili wanapogombea nani alitangulia kuupa mmea jina, siku hizo si jambo dogo. Jihadhari pia na tarehe ya kibali cha mdhibiti, yaani afisa wa serikali aliyekagua maandishi kabla ya kuchapwa, inayoonekana katika vitabu vingi vya Kirusi vya enzi hiyo, kwani huonyesha siku ya ruhusa tu. Kanuni za majina ya mimea hukubali tarehe iliyochapwa, isipokuwa upatikane ushahidi kwamba chapisho liliwafikia wasomaji siku nyingine.