Filamu za kashfa na vita: tazama watu wakiwa kazini

Wadogo zangu wakiniomba filamu ya kashfa za siasa, huwapa All the President's Men ya mwaka 1976. Wakitaka ya vita, huwapa Band of Brothers, tamthilia ya sehemu 10 kuhusu kombania moja ya askari wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, iliyoanza kuonyeshwa Septemba 2001. Na kila mara nawasihi: msikae mkisubiri rais ajiuzulu au risasi zianze kulia. Watazameni watu wakifanya kazi yao.

Katika ile ya kwanza, hakuna hata mwigizaji anayemwigiza Nixon, rais wa Marekani aliyeangushwa na kashfa yenyewe. Tunamwona kwenye picha za runinga tu. Tunaoshinda nao ni Woodward na Bernstein, waandishi wa gazeti la Washington Post walioichimba kashfa hiyo, wanapiga simu, wanakatiwa, wanagonga milango usiku. Kuna mahali wameketi katika Maktaba ya Bunge la Marekani wakipekua vikaratasi vya kuazimia vitabu, kamera ikipanda taratibu hadi wanaonekana kama vidoa. Tafadhali usipaharakishe hapo. Ndipo utakapoelewa kwa nini tangu wezi wakamatwe katika ofisi za chama cha Democratic kwenye jengo la Watergate, Juni 1972, hadi Nixon kuondoka, Agosti 1974, ilipita miaka miwili na zaidi.

Band of Brothers itazame sehemu moja kwa jioni. Ninayoipenda kuliko zote ni ile ya Bastogne, mji wa Ubelgiji. Inamfuata tabibu wa kombania, Eugene Roe, akipita handaki hadi handaki kwenye theluji akiomba mkasi, bandeji, morfini. Hakuna hotuba ya udugu pale, na haihitajiki: mtu anatoa alichonacho ilhali kesho huenda akakihitaji yeye. Wazee wanaozungumza mwanzoni pia wasikilize vizuri. Ni askari wenyewe wa kombania ile, na majina yao hayaonyeshwi hadi sehemu ya mwisho.

Ukimaliza, kasome. Ule usemi maarufu wa "fuata pesa" haumo katika kitabu cha Woodward na Bernstein, ambacho filamu ilitokana nacho. Uliandikwa kwa ajili ya filamu. Hilo nalivumilia. Linaloniuma ni la askari Albert Blithe: tamthilia inasema alikufa mwaka 1948 kwa majeraha yake, kumbe alipona, akaendelea na jeshi, akafariki 1967. Kwa hiyo maandishi ya mwisho yakikuambia fulani aliishia wapi, andika jina lake pembeni, kisha ulitafute kabla hujamsimulia mwenzako.